Tisheti Tulizovaa Kumzika Barasa

Tangu turudi, swali ni moja tu. Nikienda dukani Mbotela kununua mkate, naulizwa. Nikiwa Kariobangi kwenye kibanda changu cha kuchapa tisheti, mikono imejaa wino, simu inalia: "Mutua, mbona umefuta jina la grupu? Huko kwa kina Barasa kulienda aje?" Nimejibu vipande vipande mpaka kila mtu sasa ana hadithi yake. Mmoja anasema tulifukuzwa, mwingine anasema tulipigwa mawe. Hakuna jiwe lililorushwa. Heri lingerushwa, ningejua la kufanya. Basi naandika mara moja, msome mniache. Mambo ya vibali na ya kukodi basi sitayagusa, hayo yalikwisha.

Kwa mliojiunga juzi: grupu letu liliitwa Madoadoa. Tulilianza tukiwa shule ya msingi. Mimi Mkamba, Akinyi Mjaluo, Kevo Mkikuyu, Barasa Mbukusu, na wengine wa kila kabila lililowahi kupanga chumba Mbotela. Siku moja tukicheza mpira nyuma ya nyumba, mzee mmoja mlevi alisimama akatutazama, akatema mate. "Ona hayo madoadoa," akasema. Ilikuwa miaka michache tu baada ya machafuko ya uchaguzi na neno hilo tulilijua sote. Huko Bonde la Ufa ndivyo walivyoitwa watu wa kabila jingine waliolima ardhi ambayo wenzao walisema si yao. Doa ni la kutolewa, na watu walitolewa kwa moto. Sisi tuliacha mpira. Barasa, ambaye alikuwa ameletwa kutoka kwao akae na shangazi yake, alicheka mpaka akashika magoti. "Eeh, ndio sisi," akamjibu. "Tutoe basi." Mzee akaenda zake, na kuanzia siku hiyo jina likawa letu.

Sitasema uongo, jina lile lilitufaa. Kila uchaguzi ulipokaribia na wazazi wetu kuanza kunong'ona kwa lugha za mama, sisi tulipigiana kelele kutoka mlango hadi mlango, "Madoadoa, mko?" na hakuna mwanasiasa aliyepata pa kutushika. Nilijivunia hilo. Nililichapa kwenye kofia, kwenye jezi, hata kwenye aproni ya harusi ya Akinyi.

Mwaka huu figo za Barasa zilikataa kazi. Siku ya mwisho tuliyomwona hospitalini alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. "Mnibebe nyinyi wenyewe mpaka kwa kaburi, Mutua," akasema. "Usiniachie watu hawanijui." Nikamwapia. Kiapo hicho ndicho kilichotutoa Nairobi watu kumi na wanane, na ndicho nilichokaribia kukivunja kwa mikono yangu mwenyewe.

Mbotela hadi Naivasha

Tulichelewa kwa sababu yangu. Tisheti za mazishi nilizichapa siku moja kabla, picha ya Barasa akicheka, na chini yake neno MADOADOA kwa wino mweusi, herufi pana kama kiganja. Hali ya hewa ilikuwa ya mawingu na wino ukagoma kukauka. Kulipopambazuka bado ulikuwa unashika vidole. Basi lilikuwa tayari, jeneza limewekwa nyuma pale viti vilipotolewa, na mimi bado napepea tisheti kwa kipande cha katoni.

Dereva, mzee mwembamba asiyependa maneno, alipiga honi mara mbili. Ikabidi tuzitundike ndani ya basi, kwenye vyuma vya kushikia, zikaukie njiani. Hivyo ndivyo tulivyotoka Jogoo Road: Barasa mmoja ndani ya jeneza, na Barasa kumi na wanane wakicheka juu ya vichwa vyetu, wakiyumba kila basi lilipopiga shimo.

"Buda, hizi ni moto," Kevo aliniambia akigusa moja. Kevo ni fundi wa welding, na akipenda kitu hukipenda kwa ugomvi. "Baro angezipenda, maze." Yeye humwita Barasa Baro.

Akinyi alikuwa amekaa dirishani. Yeye huuza viatu vya mitumba na macho yake huona kasoro kabla ya mtu yeyote. "Mutua," akasema, "mamake ashawahi kuona hili jina?"

"Si ataliona leo."

"Hujajibu swali."

"Mamake ataona watu kumi na wanane wanampenda mtoto wake," nikasema, nikageuka mbele. Nilijua ni swali zuri. Nilikuwa nimechoka, nimefiwa, na nilikuwa nimeshachapa.

Naivasha tulinunua viazi vya kuchemsha na mahindi kupitia dirishani, tukavaa tisheti zetu. Zilinuka wino na zilikuwa baridi kifuani. Tuliimba kidogo. Ninawaambia hivi ili mjue kwamba mpaka hapo tulikuwa karibu na furaha, kama mtu anavyoweza kufurahi akiwa na jeneza nyuma yake.

Chai ya kupita Nakuru

Mbele ya Nakuru tairi la nyuma lilitoboka. Dereva akasema tushuke, kazi itachukua muda. Kando ya barabara kulikuwa na hoteli ndogo ya mabati, chapati zikipikwa nje na maharagwe kwenye sufuria kubwa. Tuliingia kama jeshi. Ndani, kwenye kona karibu na sanduku la pesa, alikuwa amekaa bibi mzee amejifunika shuka, anachambua mchele kwenye ungo.

Mwanamke wa kuhudumia alikuja na chai. Alisoma kifua changu, akasimama na kikombe mkononi. "Hii nguo umeitoa wapi?" akauliza polepole.

"Nimeichapa mimi."

"Kwa nini?"

Mimi nina hasira za karibu, mnanijua. Nikaona hapa sasa ni mambo ya kabila, huyu ametuona wageni anataka kutupima. "Ni jina letu," nikamwambia kwa sauti ambayo hoteli yote ilisikia. "Kama linakuuma, ni wewe na dhamiri yako. Sisi ndio tuliitwa hivyo, si nyinyi."

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Mimi pia niliitwa," akasema. "Sina shida na wewe. Nakuomba tu usikae kwa hicho kiti, kwa sababu kimetazamana na mama yangu."

Nikageuka. Bibi mzee alikuwa ameacha kuchambua. Alikuwa amegeuza kiti chake, ametazama ukuta wa mabati, ametugeuzia mgongo. Mchele ulikuwa umemwagika kidogo sakafuni.

Nilitoka nje na chai yangu. Kitu cha busara kingekuwa kuivua ile tisheti pale pale. Badala yake nilirudi kwenye basi nikamwambia Kevo kwamba watu wa huku wana roho nzito, na Kevo akakubali haraka, kwa sababu ndilo jibu ambalo sote tulilitaka.

Timboroa

Timboroa mvua ya mawe ilitunyeshea mpaka dereva asione barabara. Akaegesha. Mabati ya basi yalipigwa hata tukawa tunazungumza kwa kupiga kelele. Baridi ya huko haina adabu, ilitupenya mpaka kwenye mifupa, na tisheti zetu hazikusaidia lolote.

Dereva alizima injini, akageuka kwenye kiti chake, akatutazama mmoja mmoja. Tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi.

"Vueni hizo nguo," akasema.

"Kwa nini, mzee?" Kevo akauliza.

"Mimi nimezaliwa karibu na huko tunakoenda. Hilo neno nililisikia kwa baraza ya baba yangu. Nilikuwa kijana kama nyinyi. Wazee walilisema wakinywa maziwa, pole pole tu, kama watu wanapanga kung'oa magugu." Mawe yalizidi kupiga. "Sikwenda pamoja nao. Lakini sikuwakataza, na asubuhi niliona moshi."

Akinyi alivuta sweta yake akafunika kifua.

"Sasa mzee, si ndio maana?" Kevo alikuwa amesimama. "Sisi tulilichukua hilo neno tukalitoa meno! Leo mtoto wa Mbotela akiita mwenzake doa anamaanisha ndugu. Tukiliacha, linabaki la hao wazee wako. Na marehemu ndiye alilichagua. Ye mwenyewe!"

"Marehemu alilichagua akiwa Nairobi," dereva akasema.

Tulibishana mpaka mvua ikakatika. Wengine walisema tuvae sweta juu. Wengine walisema ni heshima ya Barasa na hatuwezi kumkana karibu na mlango wa kwao. Wote walikuwa wakinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyezichapa na mimi ndiye niliyeapa. Nikasema tutaingia hivyo hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimelisikia kwa masikio yote mawili.

Langoni

Tulifika jua likiwa limeegemea. Barabara ya mwisho ilikuwa matope, tukashuka tukasukuma. Kwa mbali tulisikia wanawake wakilia, kisha tukaliona hema na watu wamejaa chini yake. Tukatoa jeneza, sita kila upande, wengine nyuma na maua. Mimi nilikuwa mbele kulia.

Mama Barasa alitoka kutupokea. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, na alikuwa akija mbio mikono juu, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo hatukuwahi kulisikia. Wanawake wengine walimfuata. Alipofika hatua kama tano kutoka kwetu, alisimama. Mikono ilibaki juu. Kilio kilikatika kama redio iliyozimwa.

Alikuwa akitazama kifua changu. Kisha kifua cha Kevo. Kisha cha Akinyi, ambaye sweta yake ilikuwa imefunguka tuliposukuma basi. Mwanawe akicheka kila mahali, na chini ya kidevu chake, neno lile.

Alinikaribia akaweka kiganja juu ya herufi.

"Nani amemwandika mwanangu hivi?" akauliza.

Nilikuwa na jeneza begani. Sikuweza kurudi nyuma. "Ni mimi, mama," nikasema.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliondoa mkono tu, akageuka, wanawake wakampokea. Hapo wanaume wa kijiji wakaja, na mbele yao mzee aliyejitambulisha baadaye kama Nyongesa, baba mdogo wa Barasa. "Wekeni chini," akasema. Nikamwambia tumeahidi kumbeba. "Wekeni chini, kijana, nimesema kwa upole." Tukaweka. Wanaume ambao Barasa hakuwajua walimwinua wakampeleka kwenye hema, na sisi tukabaki langoni na matope yetu.

Nyuma ya jiko

Usiku ule siusimulii. Tulilala kwenye basi, na ni wachache waliopata usingizi.

Asubuhi Mzee Nyongesa alinitumia ujumbe nije nyuma ya jiko. Alinipa chai ya maziwa na viazi vitamu, akasubiri nimalize, maana kwao mgeni hasemeshwi mambo mazito akiwa na njaa. Kisha akaniambia.

Zamani hawakuishi hapa. Waliishi kule ng'ambo ya mto, siku nzima ya kutembea, kwenye shamba walilonunua kwa haki. Barasa alikuwa na miaka kumi. Alikuwa na kaka, Simiyu, wa miaka kumi na saba. Asubuhi moja walikuta mlango umeandikwa kwa mkaa, neno moja tu. Mama hajui kusoma, hakwenda shule. Akamwita Barasa amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti. Jioni yake watu walikuja na moto, na Simiyu akarudi zizini kufungua ng'ombe.

"Hakutoka," Mzee Nyongesa akasema. "Tangu siku hiyo mama huyu anajua kusoma neno hilo moja. La pili hajui, hata jina lake hajui kuliandika. Hilo moja analijua kwa umbo, popote."

Nilitaka kumwambia kwamba hatukujua. Barasa hakuwahi kututajia kaka. Miaka yote hiyo alitwambia yeye ni mtoto wa pekee, na sisi hatukuuliza kwa nini alicheka namna ile siku ya mzee mlevi, mpaka akashika magoti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hata sasa nikiandika, naona huo ni utetezi wa mtu aliyeonywa mara tatu njiani.

"Ninaomba msamaha," nikasema. "Jina alilichagua yeye, lakini kulichapa ni mimi. Na ninaomba tumbebe. Alinishika mkono akaniomba."

"Nitamwambia mamake. Akikataa, mtakaa nyuma na mtanyamaza."

Alichelewa kurudi. Tulikaa kwenye nyasi tukiwa hatutazamani. Aliporudi alisema: "Mtambeba. Lakini nguo hizo zisionekane hapa tena."

Hatukuwa na nguo nyingine za maana, wengi tulikuja na tisheti na sweta ya safari tu. Basi majirani wakaanza kuleta. Shati la shule, koti la kanisani, sweta ya mtoto wa mtu iliyomfikia Akinyi juu ya kiuno. Shati nililopewa mimi lililetwa na mwanamume wa makamo aliyetoka upande wa pili wa mto, wa kabila la wale waliokuja jioni ile. Alinipa kwa mikono miwili bila kunitazama machoni. Sikumwuliza alikuwa wapi siku zile. Nililivaa nikafunga vifungo vyote.

Kevo alikataa. Mjue hili kutoka kwangu, si kwa uvumi, na msimchukie. Alisimama kando ya basi amevaa tisheti yake, machozi yanamtoka. "Baro aliamka na hilo neno kila siku akalicheka," akaniambia. "Mtu amechukua kitu kilimuua bro yake akakifanya jina la mabeste wake. Hiyo ndio ilikuwa nguvu yake, Mutua. Mnamnyang'anya hapa kwa kaburi yake."

"Labda," nikamjibu. "Lakini mamake yuko hai."

"Na mimi niko hai."

Kevo hakubeba. Alibaki ndani ya basi na dereva mpaka mchanga wa mwisho ukatupwa. Kumi na saba tulimbeba, tumevaa nguo za watu, kutoka hemani hadi chini ya migomba ambako kaburi lilikuwa limechimbwa. Jeneza lilikuwa zito kuliko siku iliyotangulia. Hakuna aliyetaja jina la grupu kwenye hotuba. Mimi nilisema alikuwa rafiki mwema, mpenda mpira, na nikakaa.

Kabla ya kuondoka

Nilikuwa narudisha shati nilipoambiwa mama ananiita. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani ya nyumba, miguu ameinyoosha, wanawake wawili pembeni. Aliwaambia watoke. Nikapiga magoti, nikaanza kusema pole tena, akanizuia kwa mkono.

"Wewe ndiye Mutua. Alikuwa anakutaja kwa simu."

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi sikuwahi kujua mnaitana hivyo." Alivuta pumzi. "Baba yake mdogo ameniambia eti ni yeye alilichagua. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na alikuwa analisemaje? Alikuwa na hasira?"

"Hapana mama. Alikuwa anacheka."

"Liseme," akasema. "Kama alivyokuwa analisema yeye. Mara moja tu."

Nilitaka kukataa, lakini mtu hamkatalii mama aliyezika wawili. Nikafumba macho, nikamleta Barasa alivyokuwa akisimama mlangoni kwetu asubuhi, mswaki mdomoni, akiita watu wote watoke. "Madoadoa, mko?" nikasema, kwa sauti yake, na ule mvuto wake mwishoni.

Mama Barasa alicheka. Lilikuwa cheko moja fupi, la kushtukizwa, kwa sababu alikuwa amemsikia mwanawe ndani ya chumba. Kisha uso ukamwanguka, akaziba mdomo kwa leso.

"Nilimpeleka Nairobi ili asilisikie tena," akasema. "Niliuza ng'ombe aliyebaki nikampeleka. Miaka hii yote ninaomba Mungu, ninasema, angalau huyu yuko mahali ambapo hakuna mtu anamwita hivyo."

Alisubiri nimjibu. Nje, dereva alikuwa amewasha basi. Nami nilikuwa nimemwita hivyo kila siku ya Mungu, na Barasa aliitika kila mara.